Kamba ya Chemka, Bodaboda na Mlima: Mjamzito Apimeje Usalama wa Michezo na Safari?

Kila ifikapo Desemba, Mkoa wa Kilimanjaro hujaa. Familia kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi hurejea Rombo, Marangu, Old Moshi, Uru, Kibosho na Machame, kwa kile ambacho watani wa Wachaga hukiita kwenda "kuhesabiwa". Baada ya ibada na nyama, vijana na watoto hutaka kutembea: kuogelea katika chemchemi za Chemka wilayani Hai, kutazama maporomoko ya Materuni, au kupanda msitu kutoka lango la Marangu. Ni nadra kundi la aina hiyo kukosa mama mjamzito, na swali lake huwa lile lile: je, na mimi naweza?

Majibu anayopewa huwa mawili. Wazee humwambia akae nyumbani atulie. Rafiki zake humwambia kuwa mimba si ugonjwa. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna linalomsaidia kutofautisha mchezo mmoja na mwingine, wala barabara moja na nyingine. Makala haya yanalenga kumpa mjamzito, familia yake na mtoa huduma wa afya njia ya kupima, ili anapokubali ajue kwa nini amekubali, na anapokataa ajue kwa nini amekataa.

Tunachokijua kimetoka wapi

Katika viwanja vikubwa vya michezo duniani, kwenye treni zinazopanda na kuporomoka kwa kasi na kwenye mashine zinazozunguka, huwekwa tangazo linalowakataza wajawazito kupanda. Wenye viwanja hawakufikia katazo hilo kwa kuwapandisha wajawazito na kuhesabu walioumia. Utafiti wa namna hiyo haukubaliki kimaadili. Katazo ni la tahadhari, na msingi wake ni yale ambayo tiba imejifunza kutokana na ajali za magari na watu kuanguka.

Kwa sababu hiyo, asiwepo mtu wa kudai kwamba kila aliyepanda atapoteza mimba. Wako wengi waliopanda kabla ya kujua kuwa ni wajawazito, na wakajifungua salama. Vilevile, asiwepo wa kudai kwamba hatari ni hadithi tu, kwa maana nguvu zinazoachanisha kondo la nyuma katika ajali ya gari zinafahamika vizuri. Nguvu hizo hazijali kama chanzo chake ni gari, pikipiki au mchezo.

Yanayotokea ndani ya mwili

Katika wiki 12 za mwanzo, mji wa mimba umejificha ndani ya mifupa ya nyonga, na mifupa hiyo huukinga dhidi ya kugongwa. Baada ya hapo huanza kupanda juu ya mfupa wa kinena, na ifikapo wiki ya 20 huwa umefika usawa wa kitovu. Tangu hapo tumbo ndilo linalotangulia mwili. Kitu chochote kinachomgonga mama kutoka mbele hulifikia kwanza.

Mtoto mwenyewe huelea ndani ya maji ya uzazi, nayo humpunguzia mtikisiko. Sehemu dhaifu zaidi ni kondo la nyuma. Mji wa mimba ni msuli. Huvutika na kubadilika umbo. Kondo halivutiki kwa kiasi hicho. Chukua puto, libandike plasta, kisha ulivute: puto hurefuka, plasta haifuati, na ukingo wake huanza kubanduka. Ndivyo inavyotokea mwili unapokwenda kwa kasi kisha ukasimama ghafla. Mji wa mimba hubadilika umbo kwa nukta moja, kondo hubaki nyuma, na mahali pa kuungana kwao pakaachia. Damu hutoka kati yake na ukuta wa mji wa mimba. Karibu na kujifungua, damu inayopita katika mji wa mimba hufikia zaidi ya nusu lita kila dakika, hivyo kuachia huko kunaweza kuhatarisha maisha ya mtoto na ya mama kwa muda mfupi.

Yafaa kukumbuka mambo mawili hapa. Kwanza, kondo linaweza kuachia hata kama tumbo halikugongwa. Kusimama kwa ghafla kunatosha. Pili, damu si lazima ionekane. Inaweza kujikusanya nyuma ya kondo huku nguo za mama zikiwa safi.

Zaidi ya hayo, ujauzito hulegeza viungo vya nyonga na kusogeza uzito wa mwili mbele. Mama aliyepanda na kushuka njia za migombani maisha yake yote anaweza kuteleza katika miezi ya mwisho mahali ambapo hajawahi kuteleza.

Maswali matano ya kujiuliza

Orodha ya michezo iliyokatazwa haiwezi kukamilika, kwa kuwa kila mwaka hubuniwa mipya. Ni heri mjamzito awe na maswali anayoweza kuyauliza mbele ya mchezo wowote au safari yoyote:

1. Je, naweza kuanguka, au kuangukiwa na mtu?
2. Je, tumbo linaweza kugongwa, au kubanwa na chuma au mkanda?
3. Je, kuna kuondoka, kugeuka au kusimama kwa ghafla?
4. Je, mwili wangu utapata joto kali, au hewa yenye oksijeni pungufu?
5. Likitokea la kutokea, itachukua muda gani kufika hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa?

Jibu la "ndiyo" katika lolote kati ya maswali manne ya mwanzo, kwa jambo ambalo ni la starehe tu, latosha kulikataa. Swali la tano hupima uzito wa mengine yote. Kuteleza jirani na hospitali si sawa na kuteleza kwenye kibanda cha mlimani.

Viwanja vya michezo na chemchemi

Tuanze na viwanja vya michezo, kama vile vya Dar es Salaam ambako familia nyingi hupita kabla ya kusafiri. Bembea ya kukaa inayosukumwa polepole, farasi wa bandia wanaozunguka taratibu na gurudumu kubwa linalopandisha watu pole pole havina mshtuko. Tatizo lake kubwa ni kizunguzungu na kichefuchefu. Magari ya kugongana yanakataliwa na swali la pili na la tatu kwa pamoja. Treni za kuporomoka na mashine za kuzungusha kwa kasi zinakataliwa na swali la tatu. Mteremko wa maji, kama ule ulioko Kunduchi, unakataliwa kwa sababu mtu hutua kwa kishindo, na aliye nyuma anaweza kumgonga aliyetangulia. Kasri la upepo la kurukia waachiwe watoto.

Chemka inahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu pale jema na baya viko katika dimbwi moja. Licha ya jina lake, maji yake ni ya uvuguvugu wala hayachemki. Kuogelea ni miongoni mwa mazoezi bora kwa mjamzito: maji hubeba uzito wa mwili na kupumzisha mgongo. Aingie polepole, awe na mtu karibu, na asiende kwenye kina asichokimudu. Kamba iliyofungwa mtini ni jambo jingine. Anayeidaka hurushwa katikati ya dimbwi, na akiachia mikono vibaya huangukia tumbo. Maji yaliyopigwa kwa kasi ni magumu. Jibu la kamba hiyo ni hapana, tangu mwanzo wa mimba hadi mwisho.

Kuhusu joto, onyo ni kwa bafu za mvuke na maji ya moto yanayopandisha joto la mwili kupita nyuzi 39, hasa katika wiki za mwanzo ambapo ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinaumbwa.

Materuni hatari si maporomoko bali njia. Matembezi yenyewe yana manufaa. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wasio na matatizo kufanya mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Lakini mvua ikinyesha, udongo wa Uru huwa kama sabuni. Viatu vyenye meno, fimbo ya kutembelea, kutoharakishwa na kundi, na kuwa tayari kuishia njiani ndivyo vinavyoyafanya matembezi hayo yafae.

Mlima Kilimanjaro

Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900, kituo cha Mandara mita 2,700, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,700 na kilele cha Uhuru mita 5,895. Kileleni, oksijeni inayopatikana kwa kila pumzi ni takribani nusu ya ile ya pwani.

Mwili wa mjamzito tayari unatumia oksijeni zaidi ya kawaida. Mwongozo unaotolewa kwa wajawazito waliozoea nyanda za chini ni kuepuka mazoezi mazito katika kimo kinachozidi kati ya mita 1,800 na 2,500. Kwa hiyo matembezi mafupi ya taratibu msituni, jirani na lango, yanakubalika kwa mwenye mimba isiyo na tatizo. Kulala Horombo na kuelekea Kibo hakukubaliki. Huko juu, swali la nne na la tano huungana: oksijeni ni pungufu, na chumba cha upasuaji kiko mbali kwa saa nyingi. Aidha, asetazolamidi, dawa inayotumiwa na wapandaji wengi kuzuia ugonjwa wa kimo, haipendekezwi katika ujauzito.

Wakazi wa vijiji vya juu, ambao miili yao imezoea, wasitishwe na maelezo haya. Kuishi katika kimo ambacho umekizoea si sawa na kupanda mita 3,000 kwa siku chache.

Wako pia wanawake ambao mlima kwao ni ajira: waongozaji, wapishi na wabeba mizigo. Kwao kukataa kupanda ni kupoteza kipato, na ndiyo maana wengine huficha mimba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mjamzito afanye kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Mtoa huduma anayekutana na mama wa kazi hiyo kliniki asimwambie "acha" kisha akanyamaza. Amwandikie maelezo ya kitabibu yatakayomsaidia kuomba kazi nyingine katika kampuni hiyo hiyo.

Bodaboda: hatari isiyoepukika kwa wote

Kamba ya Chemka inaweza kukataliwa bila hasara. Bodaboda si hivyo. Katika vitongoji vingi vya mlimani, pikipiki ndiyo inayofika mlangoni, na mara nyingine ndiyo pekee inayomfikisha mama zahanati.

Tukiyatumia maswali yetu, bodaboda inashindwa katika matatu ya mwanzo: abiria anaweza kuanguka, hana mkanda, na dereva husimama ghafla. Iwapo kuna gari au bajaji, mjamzito achague hicho. Lakini katazo lisilo na maelezo laweza kuua. Mama aliyeambiwa "usipande bodaboda kabisa" anaweza kukaa nyumbani anatokwa damu usiku, akisubiri gari lisilokuja. Kauli sahihi ni hii: usipande bodaboda kwa jambo linaloweza kusubiri, na usiiogope ikiwa ndicho chombo pekee cha kukufikisha kwenye huduma.

Anayelazimika kupanda avae kofia ngumu, akae kwa kutanua miguu badala ya kukaa upande, asibebe mzigo wala mtoto, na abiria awe yeye peke yake. Amchague mapema dereva anayemfahamu, asiye mlevi, na amwambie wazi kuwa ni mjamzito. Katika msimu wa sherehe, dereva aliyekwisha kunywa mbege akataliwe hata kama ni ndugu wa ukoo. Familia iweke nauli ya dharura na namba za simu za madereva wawili kabla ya mwezi wa nane wa mimba kwisha.

Ndani ya gari, mkanda wa usalama ufungwe siku zote. Wengine huuacha wakidhani utamwumiza mtoto; ukweli ni kwamba kifo cha mama ndicho chanzo kikubwa cha kifo cha mtoto aliye tumboni katika ajali, na mkanda humlinda mama. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Kipande cha juu kipite kati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Mkanda usipite kamwe juu ya kitovu.

Katika safari ndefu ya basi kutoka Dar es Salaam, hatari kubwa zaidi baada ya ajali ni damu kuganda miguuni. Mama anywe maji, asogeze vifundo vya miguu akiwa ameketi, na ashuke kutembea kila basi linaposimama. Mitikisiko ya barabara mbovu, iwe ya kijijini au ya mbugani, huchosha na kuumiza mgongo, lakini kwa mimba isiyo na tatizo haijathibitika kuwa peke yake huharibu mimba.

Wasiopaswa kujaribu

Wapo ambao wanapaswa kumwona daktari au mkunga kabla hata ya matembezi marefu: aliyetokwa damu katika mimba hii, aliyeambiwa kuwa kondo limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati au kuambiwa kuwa mlango wa kizazi ni dhaifu, mwenye shinikizo la juu la damu, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa moyo, na mwenye mimba ya mapacha. Shinikizo la damu litajwe kwa mkazo, kwa kuwa lenyewe, hata bila kuanguka, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kondo kuachia.

Yeyote anayesafiri abebe kadi yake ya kliniki. Mkunga wa Marangu hawezi kujua kilichopimwa Temeke kama kadi imebaki Temeke.

Baada ya kuanguka

Baada ya wiki ya 20, kila anayeanguka vibaya, anayegongwa tumboni au anayepata ajali ya chombo, hata ndogo, aende kupimwa siku hiyo hiyo bila kusubiri dalili. Aende haraka zaidi akiona mojawapo ya haya: damu au maji ukeni, tumbo kuuma, kukaza au kuwa gumu kama ubao, mtoto kupunguza kucheza, kizunguzungu, jasho jembamba au kuzimia. Kondo likiachia kutokana na ajali, mara nyingi hujidhihirisha ndani ya saa 24 za mwanzo. Asikandwe tumbo, wala asipewe dawa ya mitishamba ya "kumrudisha mtoto mahali pake". Muda unaopotea hapo ndio muda wa kuokoa.

Kwa watoa huduma

Mhudumie mama kwanza. Uhai wa mtoto unategemea wake. Baada ya wiki ya 20 usimlaze chali moja kwa moja. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, au uusogeze mji wa mimba kushoto kwa mkono, ili usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Pima mapigo na shinikizo la damu, lakini usitulizwe na vipimo vya kawaida: mjamzito ana damu nyingi kuliko kawaida, na anaweza kupoteza kiasi kikubwa kabla shinikizo halijashuka. Sikiliza mapigo ya mtoto, gusa tumbo kubaini ugumu na kukaza, na uweke alama kwenye kimo cha mji wa mimba ili uone kama kinapanda.

Kama kuna damu, usipime kwa vidole ukeni kabla ya kuhakikisha kuwa kondo halijakaa chini. Kipimo cha ultrasaundi ni muhimu kwa mtoto na kwa kuonyesha kondo liliko, lakini hakioni kila kondo lililoachia. Picha safi haifuti dalili. Muda wa chini wa uangalizi ni saa 4, na uongezwe hadi saa 24 iwapo kuna maumivu, kukaza kwa tumbo, damu au mapigo ya mtoto yasiyo ya kawaida. Mama mwenye Rh hasi apewe anti-D ndani ya saa 72.

Zahanati isiyo na maabara inaweza kutambua damu isiyoganda. Weka mililita 2 za damu ya mshipa katika kichupa kikavu, safi, cha kioo. Kishike kwenye kiganja kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 kiinamishe polepole, kisha rudia kila dakika. Damu isipoganda ndani ya dakika 7, au ikiganda kwa ulaini na kuachana, mgandisho umevurugika. Usisubiri zaidi, weka dripu na umpe rufaa yenye msindikizaji.

Mwisho, muulize mama akiwa peke yake jinsi alivyoanguka. "Niliteleza" wakati mwingine ni jina lingine la kupigwa. Ndugu aliyemleta asiwepo wakati wa kuuliza.

Kuhusu lawama

Mimba nyingi zinazoharibika hupotea katika miezi mitatu ya kwanza, na takribani nusu yake chanzo ni hitilafu katika kromosomu za mtoto, jambo lililoamuliwa wakati wa kutunga mimba. Hakuna bembea, basi wala ngazi iliyosababisha hilo. Hata hivyo, mama huulizwa na mawifi: ulipanda nini, ulibeba nini, ulikwenda wapi? Mtoa huduma anayetamka mbele ya familia kwamba mama hakufanya kosa ametoa tiba, ingawa hakuandika dawa.

Tahadhari na lawama ni vitu viwili tofauti. Tahadhari humsaidia mama kuiacha kamba ya Chemka na kuingia majini kwa miguu yake; humfanya afunge mkanda, abebe kadi, na aende kupimwa baada ya kuanguka. Lawama humfanya afiche kwamba alianguka. Anayeficha hufika hospitali akiwa amechelewa.